Kidumu cha Asali Njia ya Ujiji

Mama mkwe wangu alikuwa hajamwona mjukuu wake tangu mtoto akiwa wa siku arobaini. Wakati ule alisafiri kutoka Ujiji hadi Tabora, akanikanda, akamwogesha mtoto asubuhi na jioni, na siku ya kuondoka akaitandaza kitandani doti ya khanga aliyokuja nayo, akaikata katikati kwa mkasi wangu wa kazi. Kipande kimoja akamwachia somo yake, cha pili akarudi nacho kwake. Binti yetu amepewa jina la bibi huyo, ndiyo maana mume wangu humwita "Mama", naye huitika kama mtu mzima. Khanga ile ndiyo aliyobebewa, ndiyo aliyolalia, na mpaka leo hafumbi macho bila kushika pindo lake kwa vidole viwili.

Mtoto alipokaribia miaka mitatu, simu za Ujiji zikafupika. Mama mkwe akishaitikia shikamoo huuliza jambo moja tu: "Mwenzangu mnaniletea lini?" Tukaahidi Desemba, shule zikishafungwa.

Tabora tumeletwa na kazi. Mume wangu ni mwalimu wa historia, mzaliwa wa Ujiji. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na riziki yangu iko kwenye cherehani. Kutoka Tabora hadi Kigoma kwa reli ni kama kilomita 400, safari ya usiku mmoja. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla yake watu walikwenda kwa miguu. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka Kazeh, jina ambalo wageni wa wakati ule waliipa Tabora, mwezi Desemba 1857, wakaliona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Mume wangu huwaeleza wanafunzi wake hesabu hiyo kila mwaka, na safari hii alitaka kumweleza binti yake. Akapanga kwamba siku ya kuondoka, kabla ya treni ya usiku, tumpeleke kwanza Kwihara.

Kwihara haiko mbali na mji, ni mwendo wa bajaji upande wa kusini magharibi. Desemba miembe ya Tabora huwa imeinama kwa matunda, na njia nzima mtoto alikuwa akiyahesabu maembe kwa hesabu yake, ambayo baada ya tano hurudi moja. Pale pana tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, na mlango wa mbao uliochongwa kama milango ya kwetu pwani. Iliyopo sasa imejengwa upya, lakini ndipo mahali alipokaa mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871 kabla ya kwenda Ujiji kumtafuta mmisionari Livingstone, na ndipo walipofikia wote wawili Februari 1872. Mwezi Machi Stanley alielekea pwani. Livingstone akabaki kusubiri wapagazi ambao mwenzake angemtumia kutoka huko. Alisubiri mpaka Agosti 25, ndipo akaianza safari ambayo hakurudi akiwa hai.

Mtoto aliingia, akachungulia kila chumba, akatoka.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Amesafiri," baba yake akamjibu.

"Atarudi saa ngapi?"

Mume wangu alinyamaza. Mtoto akatandika khanga yake kizingitini, akakaa, akanyoosha miguu. "Namsubiri," akasema.

Tulimbembeleza, akakataa. Tulipojaribu kumnyanyua alilegeza mwili wote, na kila aliyewahi kulea anajua uzito wa mtoto aliyejilegeza. Baba yake akakaa chini kando yake, akaanza kumweleza kuhusu waliobeba mizigo: kwamba Wanyamwezi waliitoa pembe ya ndovu huku na kuifikisha baharini, na kwamba mtu mmoja alibeba begani karibu kilo 30. Nilikaa nao. Nakiri nilifurahi, ingawa wingu la mvua lilikuwa likijikusanya na mizigo yetu nyumbani ilikuwa bado haijafungwa. Siku nyingi sikuwa nimewaona wawili hawa wametulia pamoja namna ile. Ilipita kama saa nzima ndipo usingizi ukamchukua. Baba yake akambeba begani, tukatoka mbiombio kwa sababu matone yameanza. Khanga ikabaki kizingitini.

Mtu hatoki Tabora kwenda kwa wakwe mikono mitupu, na zawadi ya Tabora ni asali. Huku kumezungukwa na misitu ya miombo. Nyuki hunywa maua ya mtundu na muyombo, na wafugaji wa Sikonge na kwingineko bado wanatundika mizinga ya magome juu ya miti kama walivyofundishwa na babu zao. Mama mkwe alikuwa ameagiza lita tano. Muuzaji wetu wa siku zote alikuwa amefunga kwa sababu ya mvua. Tukanunua kwa mtu mwingine njiani, kwenye kidumu cha njano kilichojazwa hadi shingoni. Asali iliyoiva ukikiinamisha chombo, kiputo cha hewa hupanda taratibu kama mzee anayepanda ngazi. Kile kilikimbia. Nilikiona kwa macho yangu, lakini mtoto amelala, mvua inapiga, na dereva wa bajaji anatuhimiza. Nikalipa.

Nyumbani, saa kumi na mbili jioni, mtoto akaamka, akanyoosha mkono kutafuta pindo lake. Hakuna. Nani asiyeijua sauti ile? Si kilio cha njaa wala cha maumivu, ni kilio cha mtu aliyepokonywa kitu. Tulipekua kila mahali kabla ya kukumbuka kizingiti. Mume wangu akaita bodaboda, akarudi Kwihara kwenye mvua, akaniacha na mizigo.

Hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Kwetu mpangaji wa mizigo ni yeye. Kitu cha majimaji hukitia kwenye ndoo yenye mfuniko, kimesimama wima, na safari nzima hukibana kati ya miguu yake. Mimi nilikuwa na mtoto analia kiunoni na sufuria ya uji jikoni. Nilichukua begi la shangazi kaja, nikakilaza kidumu ndani, na ili kisicheze nikakizungushia nguo za mtoto, zote, magauni sita niliyomshonea kwa safari hiyo. Moja lilikuwa jekundu, lenye mfuko mmoja na kifungo nilichokichonga kwa kifuu cha nazi kutoka Kisarawe.

Saa mbili na nusu mume wangu akarudi amelowa chapachapa. Khanga ilikuwa kavu, ameifunga tumboni chini ya shati. Mlinzi wa pale alikuwa ameiona mapema, akaikunja, akaiweka ndani akisema mwenyewe atarudi. Mungu amlipe mema. Tukaondoka na mtoto akiwa na khanga yake, mume wangu akiwa na shati lile lile lenye maji.

Ndani ya behewa, mbele yetu alikaa mzee mmoja wa Urambo, na pembeni yake mama mmoja mkunga mstaafu aliyekuwa akielekea Kasulu. Upande wa pili wa ujia alikuwapo msichana mwenye mtoto wa miezi mitano. Tukamwamkia mzee, akaitikia, akaniuliza kwetu wapi.

"Kisarawe."

"Mzaramo!" Mzee akapiga goti lake. "Basi kiti ulichokalia ni changu, na hicho kilichomo kwenye hotipoti ni changu pia."

Nikamfungulia hotipoti, akajichukulia kipande cha kuku, akala bila kuomba. Ndiyo haki ya mtani. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulizaliwa kwenye njia hii hii, watu wa bara walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, wakipita kwetu wakiwa wamechoka na wenye njaa, mbali na ndugu zao. Mtani ni mtu ambaye huwezi kumnyima. Nimeona utani ukitumika misibani na kwenye harusi, lakini usiku ule ndipo nilipoujua ukifanya kazi yake ya asili, ya kumpa msafiri ndugu asiyezaliwa naye.

Mzee alipoelezwa habari ya khanga iliyosahauliwa alitikisa kichwa. Alisema misafara ya zamani siku ya kwanza haikwenda mbali. Walitoka mjini, wakapiga kambi karibu tu, makusudi, ili aliyesahau kitu arudi kukichukua na aliyetaka kughairi aghairi. Kisha akamtazama binti yetu aliyekuwa akiminya uji kati ya meno, akasema bibi wa baba yake yeye mzee alizaliwa kambini, katika njia ya kwenda pwani. Nilishtuka. Nilipozisikia habari za misafara siku zote niliwaona wanaume tu, na bunduki, na pembe. Mume wangu akasema ni kweli, wapagazi wa Kinyamwezi wengi walisafiri na wake zao, na wanawake wale walibeba vyungu, vibuyu na vyakula, na mtoto mgongoni juu ya hayo yote. Ningependa siku moja nikiingia pale Kwihara nione ngozi ya kubebea mtoto imetundikwa ukutani, iwe na mahali pake kama lilivyo na mahali pake jina la Livingstone.

Treni ikapita Usoke. Urambo mume wangu akamwonyesha mtoto giza la dirishani akamwambia hapa alitawala Mirambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 mpaka njia ya Ujiji ikafungwa na Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Mtoto akauliza kama Mirambo amelala. Baba yake akasema amelala. Mtoto naye akalala, juu ya shangazi kaja iliyokuwa sakafuni kati ya viti, kwa kuwa ilikuwa laini na pana, godoro lililotosha kimo chake. Khanga baba yake aliivaa shingoni, akamwachia pindo tu.

Tulikuwa tumefika Kaliua, yapata usiku wa manane, nilipoinama kumgeuza nikagusa gauni likiwa limelowa. Nikadhani amejikojolea. Nikamnyanyua, naye akaja na begi: gauni lilikuwa limegandamana na kitambaa cha begi. Kisha harufu ikapanda, tamu na kali kwa pamoja, kama togwa iliyokaa siku mbili.

Mume wangu akafungua zipu. Kidumu kilikuwa kimevimba kama ngoma, mfuniko umefyatuka, na asali imeingia kwenye kila gauni, kila suruali, kila soksi. Ilikuwa imepita hadi chini ya begi na kuanza kutambaa kuelekea kwenye viatu vya mzee. Mtoto alikuwa nayo kwenye nywele, kwenye sikio, mgongo mzima. Alifungua macho, akalamba mkono wake, akasema, "Tamu," akayafumba tena.

Mzee aliwasha tochi ya simu, akachovya kidole, akaonja. Amefuga nyuki ujana wake wote, na alieleza pale pale kilichotokea. Nyuki wakishaikausha asali vya kutosha huiziba kwa nta, na hiyo ndiyo iliyoiva. Ukivuna masega kabla hayajazibwa, na hasa ukivuna wakati wa mvua, asali ina maji mengi, nayo huchacha. Ikichacha hutoa hewa. "Sasa mmeifunga, mmeilaza, mmemweka mtoto mwenye joto lake juu yake. Ingefanya nini?" Alisema bila kutulaumu, kama daktari anayetaja jina la ugonjwa.

Kumsafisha mtoto aliyepakwa asali, usiku, ndani ya treni inayoyumba, ni kazi ya watu wanane. Nawakumbuka mmoja mmoja. Mkunga alishika kichwa. Mzee na kijana mmoja aliyekuwa akienda Kigoma kununua dagaa walimulika tochi. Mama fulani, uso wake sikuuona hata mara moja, alinipitishia juu ya viti ndoo ndogo ya maji aliyokuwa ameyatunza kwa udhu wa alfajiri. Nilipokataa akasema Mungu anajua kuna mtoto. Mwingine akatoa sabuni. Msichana wa upande wa pili akatoa kitambaa laini cha mwanawe. Mume wangu alikuwa magoti chini, akichota asali sakafuni kwa kifuniko cha hotipoti na kuitia kwenye kidumu cha maji kilichokuwa kitupu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ningekuwepo ningeitia kwenye ndoo," na mimi nikamwambia, "Ungekuwepo usingekuwa na khanga." Tukaacha hapo.

Tulimfuta, tukamfunga khanga, nguo pekee iliyokuwa kavu katika mali yake yote. Asali iliyobaki safi ndani ya kidumu cha njano haikufika lita mbili, na mzee alionya kwamba nayo itaendelea kuchacha. Treni ilipoanza kupunguza mwendo kuvuka mto Malagarasi akapaza sauti:

"Hapa babu zetu walitoa hongo ndipo wakavushwa kwa mitumbwi ya Wavinza. Mzaramo, toa hongo!"

Zamani hongo lilikuwa neno la heshima, ushuru aliolipwa mwenye nchi ili msafiri apite salama. Nikatoa. Vifuniko vya chupa za chai vikapita, vijiko, vikombe, ganda la mkate. Behewa zima likala asali saa tisa usiku. Yule msichana naye akapokea, akachovya kidole akampelekea mwanawe mdomoni, kama tulivyofanyiwa wengi wetu. Mkono wa mkunga ulimfikia kabla kidole hakijafika.

"Huyu bado, mwanangu. Mpaka atimize mwaka."

Akamweleza taratibu kwamba asali, hata iliyo safi namna gani, inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja haliwezi kuvizuia, vikaota humo na kutoa sumu inayolegeza viungo mpaka pumzi. Msichana akajifuta kidole. Naandika haya kwa makusudi kwa sababu wengi wetu tunayo desturi ya kuwaonjesha watoto wachanga, na aliyetufundisha usiku ule amezalisha wanawake kwa zaidi ya miaka 30.

Kosa la pili tulilifanya baada ya hapo. Maji ya ndoo yaliyobaki tuliyatumia kusuuza magauni matatu, juu juu tu, tukayatundika dirishani yapigwe upepo ili mtoto apate la kuvaa mbele ya bibi yake. Jekundu lilikuwa mojawapo. Tukalala.

Uvinza tulifika jua limeshachomoza. Ni mji wa chumvi. Kabla ya reli chumvi ya hapa ilibebwa kwa vichwa mpaka Unyamwezi na kuvuka ziwa. Treni ikasimama, wauza mayai na ndizi wakasogea madirishani, na mimi nikiwa katikati ya kuhesabu chenji nikasikia mlio sikioni. Nyuki mmoja alikuwa ametua kwenye gauni jekundu. Wa pili akaja. Nilipogeuka kumwita mume wangu, pindo la gauni lilikuwa halionekani rangi.

Watu walisimama. Mtu mmoja alichukua gazeti kupunga, na kijana wa dagaa akaua mmoja kwa kandambili.

"Acha!" Sauti ya mzee ilizima kelele zote. "Usimwue. Akifa kwa kupigwa, harufu yake inawaita wenzake waje kupigana. Kaeni. Nyuki hupigania mzinga wake, na hapa si kwake, amefuata chakula. Asiyeguswa hagusi. Mzaramo, mfunike mtoto."

Khanga ilikuwa mwilini mwake tayari. Niliivuta juu ya kichwa, nikamkumbatia kifuani, nikamwambia tunacheza mchezo wa kujificha. Aliukubali. Nilikuwa nikimsikia akicheka kimya dhidi ya mbavu zangu huku nyuki wakitembea juu ya khanga, juu ya mkono wangu, juu ya shavu langu. Nilisoma dua zote ninazozijua, na nilipozimaliza nikazianza upya.

Mzee alisimama taratibu, akayashika magauni kwa ncha za vidole, akayashusha ndani ya begi lililokuwa wazi, na nyuki wakashuka nayo. Akamwita kijana mmoja muuza ndizi, akampa begi kwa dirishani. "Tembea, usikimbie. Liweke chini ya mti ule wa mwisho." Kijana akalishika mkononi amelinyoosha mbali na mwili wake, akatembea kwa miguu mitupu, kama anayebeba taa inayotaka kuzimika. Wingu la nyuki likamfuata. Alilitua chini ya mwembe, akarudi kinyumenyume. Hakuumwa hata na mmoja.

Ndipo mtoto akapiga yowe. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimechomoza nje ya khanga, na nyuki mmoja aliyebaki alikuwa amebanwa kati yake na kiti. Mzee akaukwangua mwiba kwa ukucha, upesi, bila kuubana. Mkunga akamchukua mapajani, akamtazama midomo, akamtazama macho, akaweka sikio kifuani. Alituambia mtoto akivimba uso au akianza kuvuta pumzi kwa shida hapo si pa kungoja, ni hospitali. Akamshika hivyo nusu saa nzima, saa yake ya mkononi ikiwa mbele yake. Kidole kilivimba kikawa kama tende. Pumzi ilibaki salama.

Wakati tunahangaika na kidole, honi ikalia. Mume wangu akakimbilia mlangoni, na nikamwona akipima kwa macho umbali wa kutoka pale hadi kwenye mwembe, na wingu lililokuwa juu ya begi. Treni ikaanza kusogea. Akabaki ameshika chuma cha mlango. Mwembe ukapita, begi likapita, magauni sita, suruali tatu na kazi yangu ya cherehani ya wiki mbili.

Kigoma tuliteremka kama watu waliotoka mbali zaidi ya tulikotoka. Ziwa lilikuwa mbele ya stesheni, jeupe kwa jua, na mtoto aliliangalia akasema maji haya nani ameyamwaga. Mzee wa Urambo alimpa mkono kwa heshima, kama anavyopewa mtu mkubwa, akaniambia mimi nimebakiza deni la kuku. Mkunga alikuwa tayari anauliza gari la Kasulu. Sikuchukua namba ya simu ya hata mmoja wao, na hilo linaniuma kuliko magauni.

Ujiji mama mkwe alikuwa ameketi barazani tangu alfajiri. Somo yake alimfikia amevaa khanga iliyofungwa shingoni, mguu mmoja hauna kiatu kwa sababu ya uvimbe, nywele zimesimama kwa asali iliyokauka. Mikononi tulikuwa na kile kidumu cha maji chenye asali ya sakafuni. Mama mkwe hakuuliza mizigo. Alimpakata, akashika pindo la khanga, akalinusa.

"Hii ni yangu," akasema. "Mbona ina asali?"

Mtoto akamweleza yote, akianzia na mwenye nyumba ambaye hajarudi.

Tulikaa siku tisa. Siku moja tulikwenda kwenye ukumbusho wa Livingstone, mahali walipokutana na Stanley Novemba 1871, chini ya miembe inayosemekana ni uzao wa mwembe ule wa zamani. Mtoto alicheza na majani, tukarudi kula migebuka. Siku nyingine zote alikuwa mgongoni kwa bibi yake, amebebewa vipande viwili vya doti moja, cha kwake na cha bibi. Asali iliyofika Ujiji ni ile mume wangu aliyoichota sakafuni, kama nusu lita. Mama mkwe aliichemsha, akaichuja kwa kitambaa, akaipeleka nyumba nne kwa vikombe vya kahawa, akisema imetoka Tabora.

Tuliporudi, treni ilipita Uvinza usiku. Nilifungua dirisha nikatazama upande wa mwembe, nikaona taa ya muuza chai tu. Msomaji, ukipita Uvinza ukamwona mtoto amevaa gauni jekundu lenye mfuko mmoja na kifungo cha kifuu cha nazi, mwambie mama yake fundi anasema ni halali yao.